Sanduku la Maswali: Kuona kinachopita kati ya kivinjari na seva

Barua nyingi za safari hii zinahusu jambo moja: kuweka proksi, yaani programu inayokaa katikati, ndani ya kompyuta yako mwenyewe ili usome kila ombi linalotoka kwenye kivinjari na kila jibu linalorudi. Tumejibu kwa kutumia programu iitwayo mitmproxy. Ni ya bure, haidai akaunti, inafanya kazi kwenye Windows na Linux, na sehemu yake iitwayo mitmweb inaonyesha yote katika ukurasa wa kawaida. Wenye Burp Suite au ZAP, ambazo nazo ni proksi za namna hii, watapita njia hiyo hiyo, na hata porti yao ya kuanzia (nambari ya mlango ambapo programu inasikiliza) ni ile ile 8080. Majina ya menyu tumeyaacha kwa Kifaransa, kwa kuwa ndivyo kompyuta nyingi za hapa Bukavu zilivyowekwa.

Salamu kwenu wataalamu. Ninatengeneza ukurasa wa kupokea oda za duka la dawa. Mteja akijaza fomu na kubonyeza, seva inajibu kosa 400 (ombi si sahihi), kisha ukurasa unahama kabla sijasoma kitu. Nimeambiwa niweke proksi. Inawekwaje? Mwanafunzi wa informatika, Kadutu

Ndugu yetu, kabla ya kupakua chochote bonyeza F12, zana za ukaguzi zilizomo kwenye kivinjari, ufungue «Réseau». Kwa makosa mengi hapo panatosha, na hutakula mega hata moja. Proksi inafaa F12 inapoishiwa: unapotaka kulibadilisha ombi na kulituma tena bila kujaza fomu upya, unapotaka kumbukumbu zibaki hata ukurasa ukihama au kivinjari kikifungwa, au unapotaka kuona Firefox, Chrome na simu mahali pamoja. Kwa fomu yako, proksi inastahili.

Elewa kwanza inavyofanya kazi, maana karibu makosa yote utakayokutana nayo yanatokea hapo. Kivinjari hakisemi tena na seva moja kwa moja. Kinaikabidhi proksi ombi, nayo inalipeleka. Kwa anwani za HTTP hakuna zaidi ya hilo. Kwa HTTPS, ambayo inaficha yaliyomo, kivinjari kinatanguliza ombi la CONNECT lenye jina la seva na porti 443. Proksi ya kawaida ingefungua njia tu na kupitisha yaliyofichwa bila kuyaelewa. mitmproxy inatengeneza papo hapo cheti (hati ya kuitambulisha seva kwa kivinjari) chenye jina la seva ile, inakitia sahihi kwa cheti mama kilichomo kwenye kompyuta yako, inasoma ombi, kisha inafungua mawasiliano mengine ya HTTPS kwenda kwa seva ya kweli. Kivinjari kitakubali tu kama kimeelekezwa kukiamini cheti mama hicho.

Na hatari iko hapo hapo. Yeyote mwenye ufunguo wa siri wa cheti mama hicho anaweza kujifanya benki yako mbele ya kivinjari kinachokiamini. Ndiyo sababu tunashikilia sana jambo hili: cheti kiingie katika profaili moja ya Firefox iliyotengwa kwa kazi hii. Kisiingie katika Windows nzima, wala katika profaili unayosomea barua zako.

Basi anza hivi. Pakua mitmproxy kutoka mitmproxy.org, ni makumi ya megabaiti, kwa hiyo tafuta muunganisho mzuri, ukihamishe kifurushi kwa flashi ikibidi. Kwenye Windows ni kifurushi cha kubofya. Kwenye Linux ni faili ya kufungua, ndani yake mna mitmproxy, mitmweb na mitmdump. Fungua terminali uandike:

mitmweb --listen-host 127.0.0.1 --listen-port 8080

Usiruke ile 127.0.0.1. Usipoiandika, programu inasikiliza kwenye mitandao yote ya kompyuta, na jirani aliye kwenye Wi-Fi hiyo hiyo anaweza kupitisha mawasiliano yake kwako. Ukurasa wa kuangalia utafunguka kwenye porti 8081. Matoleo mapya yanadai tokeni (neno la siri la kufungulia ukurasa), hivyo ukifungua ukurasa mwenyewe, nakili anwani nzima iliyoandikwa kwenye terminali pamoja na tokeni yake. Programu ikikataa kuanza kwa kusema porti inatumika, kuna kingine kimekaa kwenye 8080. Mara nyingi ni Tomcat au seva ya majaribio. Kwenye Windows mtafute kwa netstat -ano | findstr :8080, kwenye Linux kwa ss -ltnp | grep 8080, au chagua porti nyingine, kwa mfano 8899, uitumie kila mahali.

Sasa Firefox. Andika about:profiles kwenye sehemu ya anwani, tengeneza profaili mpya, uipe jina kama «ukaguzi», uifungue. Ndani yake nenda «Paramètres», shuka hadi «Paramètres réseau», chagua «Configuration manuelle du proxy», weka 127.0.0.1 na 8080, kisha tia alama kwenye «Utiliser également ce proxy pour HTTPS». Alama hiyo ikisahaulika utaona kurasa za HTTP peke yake na utadhani programu imeharibika.

Kabla ya cheti, fungua http://mitm.it, kwa http bila s. Ukurasa huo unatolewa na proksi yenyewe. Ukikuambia kwamba mawasiliano hayapiti kwenye mitmproxy, rudi kwenye mipangilio, usiendelee. Ukionyesha orodha ya vyeti, pakua cha Firefox, kisha nenda «Vie privée et sécurité», «Afficher les certificats», «Autorités», «Importer», utie alama kwenye «Confirmer cette AC pour identifier des sites web». Fungua ukurasa wowote wa HTTPS: mistari itaanza kujaa upande wa mitmweb.

Itajaa hata usiyoyaomba, kwa sababu Firefox ina mazungumzo yake na seva za Mozilla. Kwenye kisanduku cha kuchuja andika ~d na jina la tovuti yako. Ukiandika ~m POST utabaki na fomu zilizotumwa. ~c 400 itakuletea majibu yenye kosa lako. Alama & inaunganisha masharti mawili, na ! inageuza sharti.

Tuje kwenye fomu yenyewe. Bofya ombi la POST, usome mwili wake kama ulivyotumwa. Angalia kwanza nambari ya simu. Katika mwili wa aina ya application/x-www-form-urlencoded, alama ya + maana yake ni nafasi tupu. Fomu ya kawaida ya HTML inaibadilisha yenyewe kuwa %2B, lakini JavaScript iliyounganisha maneno kwa mkono haifanyi hivyo. Ukiona

simu=+243…

badala ya

simu=%2B243…

basi seva imepokea nafasi tupu, kisha 243, na ukaguzi wa nambari umeikataa. Dawa ni kutumia URLSearchParams au encodeURIComponent. Kuhakikisha kabla hujagusa kodi (maandishi ya programu yako): rudufisha ombi hilo ndani ya mitmweb, weka %2B kwa mkono, bonyeza Replay. Jibu likigeuka 200, umeshika penyewe. Kama nambari iko sawa, linganisha majina ya sehemu za fomu na yale seva inayoyatarajia, kisha hederi ya Content-Type: kutuma JSON huku hederi ikisema ni fomu kunaleta 400 vilevile.

Jambo ndugu. Cheti nimeweka, lakini Firefox bado inasema muunganisho si salama. Kompyuta ni ya mezani, ya zamani kidogo, na umeme hapa unakatika kila mara. Fundi, Panzi

Ndugu fundi, tazama saa ya kompyuta kwanza. Betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao ikifa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na vyeti vyote vinaonekana bado havijaanza kazi. Kuna baya zaidi: mitmproxy inatengeneza cheti mama siku unapoiwasha mara ya kwanza, kwa muda wa miaka 10. Kama siku hiyo saa ilisoma 2012, cheti chako kiliisha 2022, na kurekebisha saa sasa hakutakifufua. Badilisha betri, weka tarehe sahihi, funga programu, futa folda .mitmproxy iliyo kwenye folda yako ya nyumbani, washa tena ili cheti kipya kitengenezwe. Kisha kwenye Firefox ondoa kile cha zamani kabla ya kuingiza kipya. Vyote viwili vina jina moja, na kivinjari kikikagua sahihi ya cheti kipya kwa ufunguo wa zamani kitaikataa.

Kama saa ni nzima, soma kosa lenyewe. SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER au MOZILLA_PKIX_ERROR_MITM_DETECTED maana yake cheti hakimo kwenye profaili hiyo, au kimo bila ile alama ya «Confirmer». Kwenye Chrome kosa la namna hiyo ni NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID.

Tafadhali usizoee kubofya «endelea hata hivyo». Tovuti nyingi kubwa zina HSTS, agizo la kukiambia kivinjari kisikubali ila HTTPS iliyo salama, na kwa hizo Firefox haikupi hata kitufe cha kupita. Hata inapokubali, umepitisha jina moja tu. Picha, mitindo na skripti zinazotoka kwenye majina mengine zitakataliwa kimyakimya, ukurasa utafunguka ukiwa umevunjika, nawe utapoteza saa nzima ukitafuta kosa kwenye kodi isiyo na kosa.

Ukiona 502 badala ya onyo, tatizo liko upande wa pili: proksi imeshindwa kufika kwenye seva, au imekataa cheti cha seva hiyo. Kama ni seva yako ya majaribio yenye cheti ulichojitengenezea, ongeza --ssl-insecure. Kwa seva nyingine, acha ukaguzi ufanye kazi yake.

Kurasa za mtandaoni ninaziona zote, ila ile ninayoijenga kwenye localhost haionekani kabisa. Kwa nini? Nyawera

Vivinjari vinaiacha localhost nje ya proksi kwa makusudi. Kwenye Firefox fungua about:config, tafuta network.proxy.allow_hijacking_localhost, uigeuze kuwa true, uhakikishe pia kwamba localhost haimo kwenye «Pas de proxy pour». Chrome iwashwe kwa --proxy-server="127.0.0.1:8080" pamoja na --proxy-bypass-list="<-loopback>" na --user-data-dir yenye folda mpya, la sivyo dirisha litafunguka ndani ya Chrome iliyokwisha kuwaka na maagizo yako yatapuuzwa.

Ninafundisha mazoezi ya informatika. Je, nitengeneze cheti kimoja, nikiweke kwenye flashi, wanafunzi wote wanakili folda ya .mitmproxy? Ingeokoa muda. Ibanda

Hapana, mwalimu. Ndani ya folda hiyo mna mitmproxy-ca.pem, na faili hiyo imebeba ufunguo wa siri. Ikigawiwa, kila mwanafunzi anaweza kutengeneza cheti cha tovuti yoyote ambacho vivinjari vya wenzake vitakiamini, na wote wako kwenye Wi-Fi moja. Flashi ikipotea njiani, aliyeiokota naye ana uwezo huo. Kila mmoja awashe programu kwake, folda itajitengeneza kwa sekunde chache, na kila mmoja aingize cheti chake mwenyewe. Hakuna muda mkubwa unaopotea: kinachochelewesha darasa ni upakuaji, na kifurushi cha kusakinisha unaweza kukigawa kwa flashi bila wasiwasi. Faili inayoweza kutoka nje ya kompyuta, inapobidi, ni mitmproxy-ca-cert.pem, isiyo na ufunguo.

Nataka kuona programu yangu ya Android inatuma nini. Nimeweka proksi kwenye simu, Chrome ya simu inaonekana vizuri, lakini programu yangu inasema hakuna intaneti. Halafu nyumbani sina ruta, natumia simu kugawa mega. Dada mtengenezaji wa programu, Bagira

Dada, kwamba Chrome inaonekana ni habari njema: njia iko wazi na cheti kimeingia. Tangu Android 7 ya mwaka 2016, programu haziamini tena vyeti alivyoongeza mwenye simu, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu. Kwa kuwa programu ni yako, ruhusu. Tengeneza faili res/xml/network_security_config.xml yenye sehemu ya debug-overrides, ndani yake trust-anchors, ndani yake certificates yenye src="user". Kisha kwenye manifesti, katika application, ongeza android:networkSecurityConfig inayoelekeza kwenye faili hiyo. Ukitumia debug-overrides, ruhusa inabaki kwenye toleo la majaribio pekee. Toleo la kuwapa watu litabaki na kinga yake. Kama umejenga kwa Flutter, ujue kwamba mteja wake wa HTTP hafuati proksi ya Wi-Fi. Utaiandika ndani ya kodi ya toleo la majaribio.

Kuhusu ruta: simu inayogawa mega haiwezi kukaguliwa yenyewe, kwa sababu data yake inapita mnara wa kampuni na mpangilio wa proksi ya Wi-Fi hauigusi. Tumia simu mbili. Ya kwanza iipe laptopi intaneti kwa kebo ya USB. Laptopi iwashe «Point d'accès sans fil mobile», na simu ya majaribio ijiunge hapo huku data yake ya simu imezimwa. Kwa njia hiyo anwani ya laptopi ya Windows huwa 192.168.137.1, hiyo ndiyo utakayoandika kwenye proksi ya simu, porti 8080, na mitmweb uiwashe kwa --listen-host 192.168.137.1. Simu ikigonga mwamba, mara nyingi ni pare-feu ya Windows (kinga inayozuia miunganisho kutoka nje): iruhusu mitmweb kwenye mtandao wa aina ya «privé».

Programu za watu wengine, hasa za benki na za kutuma pesa kwa simu, ziache. Nyingi zimefungwa zisikubali cheti kingine chochote isipokuwa cha seva yao, na kufuli hilo linamlinda mteja.

Nina cyber karibu na Essence. Nikiweka cheti hiki kwenye mashine zote, nitaweza kuona wateja wanaandika nini? Nataka tu kujua nani anakula mega zangu.

Baba, kwa ufundi inawezekana, na tunakuomba usiifanye. Ungeona maneno ya siri, barua za familia, ujumbe wa mgonjwa kwa daktari wake, na vyote vingebaki kwenye diski ya mashine yako akisubiriwa wa kuviiba. Katiba yetu ya Kongo (RDC) ya 2006, ibara ya 31, inalinda siri ya barua na ya mawasiliano ya kila mtu, na tangu 2023 nchi ina Sheria ya mambo ya kidijitali, Code du numérique, inayogusa pia kunasa mawasiliano ya wengine.

Swali lako halisi ni la mega, na jibu lake halihitaji kusoma barua ya mtu. Kwenye ukurasa wa ruta tazama kiasi kinachotumiwa na kila mashine. Ruta nyingi zinaonyesha, na baadhi zinaruhusu kuweka kikomo. Kwenye kila Windows, muunganisho uutangaze kuwa «connexion limitée». Windows Update yenyewe inaweza kuwa mlaji mkubwa kuliko mteja yeyote, na hapo itajizuia. Kisha uza kwa mega badala ya kuuza kwa dakika.

Wateja wangu wanalalamika kwamba tovuti niliyowajengea inamaliza forfait (kifurushi cha mega). Proksi inaweza kunionyesha uzito? Labotte

Inaweza, na hii ni kazi inayotufurahisha zaidi kuona watu wakiifanya, kwa sababu wasomaji wako wanalipa kila kilobaiti kutoka mfukoni. Washa mitmweb kwa kuongeza --anticache, ili seva isijibu 304 (faili haijabadilika, tumia uliyo nayo) na kukudanganya kwamba faili ni nyepesi. Kisha futa keshi ya ile profaili ya ukaguzi, maana kilichomo kwenye keshi hakifiki kwa proksi hata kidogo. Fungua ukurasa mara moja, subiri utulie, bofya kichwa cha safu ya Size upange kwa uzito.

Mara nyingi mkosaji yuko mstari wa kwanza: picha iliyotoka kwenye simu ikiwa na pikseli 4000 kwa 3000, megabaiti kadhaa, inayoonyeshwa kwenye kisanduku cha pikseli 300. Ipunguze hadi pikseli 600 kwa upana, ihifadhi kama WebP au JPEG, itashuka hadi makumi ya kilobaiti. Baada ya picha tazama JavaScript na CSS. Kwenye jibu la kila moja tafuta hederi ya Content-Encoding. Isipokuwepo gzip wala br, seva inatuma maandishi bila kuyabana, na kuwasha ubanaji kunaweza kupunguza faili hizo kwa zaidi ya nusu. Tatu, tazama Cache-Control: kwa picha na skripti zisizobadilika, max-age=31536000 inamfanya mteja azipakue mara moja kwa mwaka mzima. Mwisho, hesabu majina ya seva za nje: fonti, takwimu za wageni, vitufe vya kushiriki. Kila jina jipya linadai kutafutwa na kufunguliwa HTTPS upya, na kwenye mtandao wa polepole hilo linaumiza hata pale faili zenyewe ni ndogo.

Umeme ulikatika nikiwa kazini. Sasa Chrome inaandika ERR_PROXY_CONNECTION_FAILED kwa kila ukurasa. Nimefuta programu, bado. Nyalukemba

Programu imeondoka lakini agizo la kupitia kwake limebaki. Chrome inafuata mpangilio wa Windows. Nenda «Paramètres», «Réseau et Internet», «Proxy», uzime «Utiliser un serveur proxy». Hapo hapo andika certmgr.msc kwenye utafutaji, fungua «Autorités de certification racines de confiance», na kama uliweka cheti cha mitmproxy humo, kifute. Kisha futa folda ya .mitmproxy na faili zozote za kumbukumbu ulizohifadhi, kwa sababu ndani yake mna kuki na maneno ya siri ya akaunti ulizofungua wakati wa majaribio. Akaunti uliyoingia nayo siku hiyo, toka kwenye vifaa vyote kisha uingie upya, ili kuki za zamani zikose kazi.